Taa ya Kupima ya Mzee Mutua

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kabla askari hajafungua geti. Nilikuwa nimetembea kutoka Kaloleni na ovaroli ya kuazima, miguu imekunjwa mara tatu, na cheti cha fomu foo ndani ya shati nikidhani mtu ataitisha. Hakuna mtu aliitisha. Nimefanya kazi hadi nikastaafu, na hiyo karatasi haijawahi kuitishwa na mtu.

Karakana yenyewe ilikuwa Makadara, hapa Nairobi, mabati juu na simiti chini, simiti imekunywa oili miaka mingi mpaka ikawa nyeusi. Tulikuwa tunatengeneza magari ya mashule, makanisa na kliniki. Foromani, mtu mfupi mwenye kalamu tatu kwa mfuko, aliniangalia juu hadi chini.

"Umesoma?"

"Ndio, bwana. Fomu foo."

"Vizuri. Basi soma hii." Akanipatia fagio.

Nilifagia hadi saa nne. Halafu akanipeleka kona ya nyuma kwa fundi wa umeme wa magari, Mzee Mutua. Alikuwa mtu wa Ukambani, mrefu, mpole, na kofia ya sufu kichwani hata jua likiwaka. Nilimpata ameingiza mkono nyuma ya dashibodi ya pikapu mpaka kwa bega, uso ameuelekeza upande mwingine kabisa, kama mtu anasikiza mambo ya majirani.

"Wewe ndiye kijana wa vitabu?"

"Ni mimi, Mzee. Naitwa Maina."

"Shika hii, Maina. Gusa pale nitakuambia, halafu uniambie taa inasemaje."

Kile alinipatia ni taa ya kupima. Nyinyi vijana mko na mashine za kuonyesha namba, kwa hivyo wacha nieleze. Ilikuwa balbu ndogo ya indiketa, imechomelewa waya mbili. Waya moja iko na kibanio, hiyo unashikisha kwa chuma ya bodi ya gari. Ile ingine iko na msumari umenolewa. Ukigusa na msumari pahali umeme umefika, balbu inawaka. Ni hiyo tu.

Nikagusa. "Imewaka, Mzee."

"Imewaka vipi?"

"Imewaka tu."

"Hata jiko linawaka. Hata nyumba ya jirani inawaka. Nimekuuliza imewaka vipi."

Ndio akanifundisha lugha yake. Nyeupe, maana yake umeme umefika wote. Machungwa, umefika lakini kuna kiasi kimebaki njiani. Chai, ile rangi ya chai ya maziwa ukiiangalia kwa glasi, maana yake kuna kiungo cha waya mahali kimelegea ama kimeshika kutu, kinakula umeme, na umeme ukiliwa hivyo unageuka kuwa moto. "Chai ni mbaya kuliko giza," aliniambia. "Giza kila mtu anaona ni shida."

Wakati huo nilikuwa naandika kila jioni kwenye daftari za mraba, zile za hesabu. Bado ninazo, kwa hivyo nikisema mtu alisema hivi, sibahatishi. Jioni hiyo niliandika: "Mzee huyu ataniua na pole pole yake. Kazi yake yote nitaijua kwa wiki mbili." Nilikuwa na miaka ishirini. Nikisoma hiyo mistari sasa nasikia kumpiga huyo kijana teke.

Kazi yetu kubwa mwezi wa saba ilikuwa hita. Watu wanashangaa nikiwaambia, ati hita Nairobi ya nini? Lakini magari yetu yalikuwa yanapanda Limuru na Kinangop, na huko mwezi wa saba ukungu unalala barabarani kama ng'ombe. Bila hita kupuliza kioo, pumzi yako mwenyewe inakufunga macho. Na magari yalikuwa yamezeeka, mengine yaliachwa na wazungu wakienda kwao.

Hita ya gari kuukuu ni kitu rahisi. Maji ya moto kutoka injini yanapita kwa ka-rejeta kadogo chini ya dashibodi, halafu feni inasukuma hewa hapo, inatoka ikiwa na joto. Feni inazungushwa na mota ndogo. Ikikataa, Mzee alikuwa na njia yake, na hakuna siku aliiruka. Kwanza fyuzi, na siyo kuangalia tu, unaitoa na unapangusa miguu yake. Halafu swichi. Halafu, kama feni inafanya kwa spidi ya juu peke yake, ni ile koili ya kupunguza spidi imekatika. Halafu unapima waya inayoingia kwa mota, lakini swichi ikiwa imewashwa na mota ikiwa imeunganishwa, inajaribu kuzunguka, kwa sababu waya mgonjwa anaweza kujifanya mzima kama hajabeba mzigo. Halafu waya ya athi, ile inayorudisha umeme kwa bodi. Mota yenyewe ni ya mwisho. Mafundi wengi pale walikuwa wanaanza na mota.

"Wewe unataka kufungua tumbo ya mgonjwa kabla umuulize amekula nini," aliniambia mara ya kwanza nilipokimbilia spana.

Miezi minne nilifikiri mkono wake nyuma ya dashibodi na uso pembeni ni mtindo tu. Halafu asubuhi moja nilisogeza benchi ya kazi hatua mbili ili nifagie, nikasahau kuirudisha. Mzee akaja na chai yake, haraka haraka vile alikuwa anatembea kila siku kwa hiyo kona, akaingia kwa benchi na magoti yote mawili. Chai ikamwagika. Hakulia, hakutukana. Alishika benchi, akaipapasa kutoka mwisho mmoja hadi mwingine.

"Maina, nani mwingine yuko hapa?"

"Ni mimi peke yangu."

"Umeona?"

"Nimeona, Mzee."

"Basi sasa tunajua watu wawili." Akakaa. Akaniambia macho yalianza kuondoka miaka mitatu nyuma, kutoka pembeni kuja katikati. Rangi za waya alikuwa anajua kwa kuhesabu nafasi zake. Namba za fyuzi hakuwa anasoma tena. Ndio maana aliomba kijana aliyesoma. "Nimebakisha mwaka mmoja na nusu. Nataka kumaliza kama mtu. Ninywe ile chai ya kuaga, nivishwe blanketi mbele ya watu, niende nyumbani na pensheni yangu. Foromani akijua leo, naondoka leo."

"Hatajua."

"Haitatosha kutosema tu. Utaniambia kila kitu vile kiko. Sio vile unataka kikuwe."

Nikakubali. Kwenye daftari niliandika: "Leo nimekuwa macho ya mtu," na nikapiga mstari chini mara mbili. Nilijiona mkubwa sana.

Na tulifanya kazi, hiyo miezi iliyofuata! Mimi nataja taa, yeye anataja ugonjwa. "Nyeupe." "Songa mbele." "Machungwa, Mzee." "Rudi nyuma kidogo, kuna kiungo." Mafundi wengine walikuja kusimama hapo wakisikiza. Mmoja alituita redio na betri yake. Mzee akamuuliza, "Na wewe ni nani, makelele?" Foromani mwenyewe alisema kona yetu hairudishiwi gari. Kama kuna kipindi kimoja maishani mwangu ningeweza kurudishiwa, ningechagua hicho, na hiyo baridi yake, na harufu ya sufu ya kofia yake.

Mwezi wa saba uliofuata, Ijumaa moja, saa tisa na nusu, Sista Beatrice akaingia na gari la kliniki. Alikuwa nesi, mwanamke mnene wa kicheko kikubwa, na alikuwa akijiendeshea mwenyewe hadi Kinangop kuchanja watoto. Juu ya dashibodi alikuwa na nusu kiazi.

"Maina, unaona hii? Napangusia kioo ndio ukungu usishike. Wiki tatu! Nimemaliza viazi vya nyumba. Bwana yangu anakula ugali tu sababu ya feni yenu."

"Pole, Sista," Mzee akasema. "Feni inafanyaje?"

"Inapuliza kama mgonjwa. Halafu inanyamaza. Halafu nikipiga dashibodi teke, inakumbuka kazi."

"Unaenda lini?"

"Kesho saa kumi na moja alfajiri. Mama wananingoja na watoto mgongoni."

Sasa hapa lazima niwaambie kitu kingine kilikuwa kwa kichwa yangu. Matokeo ya jaribio la gredi, ule mtihani wa ufundi, yalikuwa yamefika ofisini siku hiyo. Karani alikuwa anafunga saa kumi na moja kamili, na ukikosa hiyo saa unangoja Jumatatu. Kila mara nilikuwa naangalia saa ya ukutani. Nilitaka hiyo karatasi iseme mimi ni fundi.

Tukafuata njia. Fyuzi nzima. Swichi nzima. Saa ikafika kumi na nusu. Mzee akaingiza mkono nyuma ya dashibodi, akashika waya inayoenda kwa mota. Sista akawasha swichi, feni ikaanza kuguna pole pole. Mimi nikalala chini ya dashibodi, nikagusa na msumari.

Balbu iliwaka chai.

Niliona. Sitaki mtu afikiri sikuona. Ilikuwa chai kabisa, na niliijua maana yake: tutafungua dashibodi yote, tutafuata waya kiungo kwa kiungo hadi usiku. Na nikajiambia, huyu mota amezeeka, ndiye anavuta, tukimsafisha atakuwa sawa.

"Taa inasemaje?"

"Imewaka," nikasema.

Hakuniuliza imewaka vipi. Mara hiyo peke yake hakuniuliza. Mkono wake bado ulikuwa huko nyuma kwa waya, akasema, "Basi ni mota. Toa."

Tukaitoa. Kaboni, vile vipande viwili vinavyopeleka umeme ndani ya mota, vilikuwa vimejaa masizi. Nikasafisha, nikapaka grisi kwa bushi, zile pete zinazoshika mhimili wa mota, nikarudisha. Feni ikapuliza hadi karatasi ikaruka kwa kiti. Sista akatupa kiazi nje ya dirisha. "Mzee Mutua, Mungu akuongezee miaka!" Nikafika kwa karani saa kumi na moja kasoro dakika mbili. Nilikuwa nimepita. Kwenye daftari ya siku hiyo kuna neno moja tu, kubwa, ukurasa mzima: "FUNDI."

Jumatatu gari lililetwa likivutwa.

Mota iliyosafishwa ilizunguka kwa nguvu, na kile kiungo kigonjwa nyuma ya dashibodi kikabeba mzigo mkubwa kuliko wa kwanza. Kilipata moto njia yote. Mahali ukungu ulikuwa mzito zaidi kikayeyuka, feni ikasimama, na kioo kikafungika kabla Sista hajatoa leso. Aliingia kwa mtaro. Alivunjika mkono. Alikuwa peke yake, na hakuna mtu barabarani, tunashukuru.

Foromani alifungua dashibodi mwenyewe, mbele yetu wote. Akatoa kile kiungo, plastiki imeyeyuka kama mshumaa, na tepu ya zamani imezungushwa juu.

"Mutua, hii hukuiona?"

"Sikuiona."

"Mtoto wa nasari angeiona hii." Akamwangalia kwa muda. Nafikiri kuna vitu vilikuwa vinajipanga kwa kichwa yake. Akatoa fyuzi kwa mfuko, akaiweka kwa kiganja cha Mzee. "Nisomee hiyo. Ni ya ngapi?"

Mzee akaishika. Akaigeuza. Halafu akafanya kile tulikuwa tumefanya kila siku mwaka mzima, bila kufikiri, kama mtu anavyotafuta mlango wa nyumba yake. Aligeuza uso upande wangu.

"Maina, inasemaje?"

"Nimekuuliza wewe," Foromani akasema.

Mahali hapo ndipo ningesema. Maneno yalikuwa machache: taa iliwaka chai, mimi nilijua, yeye hakuambiwa. Nilikuwa na cheti cha gredi kwa mfuko wa ovaroli, tayari kimeanza kuchafuka pembeni. Nikaangalia viatu vyangu.

Mzee akarudisha fyuzi. "Siwezi, bwana."

Aliondoka Ijumaa ya wiki hiyo kabla ya saa ya chakula. Alikuwa amebakisha miezi saba. Hakukuwa na chai ya kuaga wala blanketi. Walimlipa kiasi, wakamwambia mengine ataandikiwa. Nilimsindikiza hadi stendi ya basi ya kwenda kwao, nimembebea sanduku la spana. Kabla apande akafungua sanduku, akapapasa, akatoa taa ya kupima, akaniwekea kwa mkono. Akapanda. Basi likaenda.

Baada ya hapo kazi yangu ilipanda vizuri, kama mnataka kujua. Nilipewa kona yake. Foromani mpya alikuja, akanipeleka depo ya Dandora kuwa fundi mkuu wa umeme. Meneja wa huko, mtu wa tai ndefu aliyeogopa grisi, alikuwa akiniita "profesa" kwa sababu sikukubali gari litoke kama taa haijawaka nyeupe. Nikaoa, nikahamia Mowlem. Vijana wa mtaa walikuwa wanasema mimi ni buda mmoja mnoma wa ndai, yaani mzee hodari wa magari, na nilikuwa bado sijafika arobaini. Niliandika zaidi ya daftari kumi. Ile Ijumaa ya taa, mbali na lile neno moja, sikuiandika popote.

Ilinichukua miaka tisa kupanda basi la Ukambani. Nilimpata ameketi nje ya nyumba yake, amekuwa kipofu kabisa, anapiga msasa vijiko vya mti ambavyo mtoto wa dada yake anachonga kuuza mjini. Kofia ni ile ile. Nilisema hodi tu, na akasema, "Maina. Bado unatembea kama mtu amechelewa."

Nikakaa chini. Sikungoja chai wala salamu za nyumbani. Nikamwambia yote: karani, saa ya ukutani, chai. Yeye aliendelea kupiga msasa. Nilipomaliza alipuliza unga kwa kijiko.

"Nilijua," akasema.

"Nani alikuambia?"

"Kidole. Nilikuwa nimeshika ile waya, umesahau? Ilikuwa moto. Waya ya moto na taa nyeupe haviwezi kuwa pamoja."

"Na kwa nini hukusema, Mzee?"

Akageuza kijiko. "Kwa sababu nilikuwa nimekupa kazi ya macho. Nikaogopa. Nikisema Maina anadanganya, basi sina macho tena, nimebaki na kidole. Nikaona heri niamini wewe siku moja zaidi. Hapo ni kosa langu, sio lako. Yule mama na mkono wake, sisi wote wawili tulimvunja."

"Angalau ningesema mbele ya Foromani."

"Eeh," akasema. "Hiyo ungesema."

Bibi yake akaleta chai. Tulikunywa. Halafu akaniuliza kama bado niko na taa, na ilikuwa kwa mfuko wa koti, kwa sababu sijawahi kuiacha nyumbani. Kando ya mlango kulikuwa na betri kuukuu ya gari, ile walikuwa wanasikizia redio.

"Redio inakoroma siku hizi. Nipimie."

Nikapiga magoti. Nikashikisha kibanio upande mmoja, msumari upande mwingine. Sikuharakisha. Niliangalia hiyo balbu kwa muda mrefu kuliko nimeangalia kitu chochote.

"Taa inasemaje?"

"Imewaka, Mzee. Lakini ni chai."

Akatingisha kichwa pole pole, akachukua kijiko kingine. "Chai," akasema. "Basi tutajua cha kufanya."

Alifariki mwaka uliofuata, msimu wa mvua. Mimi nimestaafu sasa. Nilikunywa chai ya kuaga, nikavishwa blanketi, watu wakapiga makofi, na siku yote nilikuwa naona miguu yake ikipanda ngazi za basi. Blanketi niliipeleka kwa bibi yake. Asubuhi za mwezi wa saba kijana wangu akiwasha gari kwenda kazini Kayole, nasimama kwa dirisha nasikiza feni ya hita ikianza. Nikisikia inavuta kidogo namwita arudi, naye ananiambia, "Baba, inafanya, nimechelewa!"

Nachukua taa, nashuka ngazi. Nalala chini ya dashibodi na mgongo huu wangu, nagusa. Halafu nangoja kidogo kabla niseme kitu. Najua hakuna mtu atauliza taa inasemaje, lakini bado nangoja.